Kuwa na Kutenda

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiingereza, somo nililolirudia mara nyingi kuliko jingine lolote ni lile la vitenzi visivyokubali kutiwa "-ing". Kila aliyepita katika shule zetu analikumbuka. Mwalimu huandika orodha ubaoni: know, understand, believe, love, want, have, belong, be. Kisha huwaeleza wanafunzi kwamba hivi ni vitenzi vya hali na si vya tendo. Tendo huanza, huendelea, hukoma. Hali haiendelei, hali ipo tu. Kwa hiyo mtu husema "I am eating" lakini hasemi "I am knowing". Mwanafunzi hunakili, mtihanini hupata alama zake, na akitoka nje ya darasa humwambia mwenzake "I am not understanding you" kana kwamba hakuna kilichofundishwa.

Simlaumu mwanafunzi huyo. Kwetu sisi "ninakula" na "ninajua" zimevaa kiambishi kimoja, na hiyo -na- haiulizi kama unafanya jambo au umo katika hali. Anayeuliza ni -me-. Nikisema "Juma anasimama", nimemwona anainuka kitini. Nikisema "Juma amesimama", yuko wima tayari, labda tangu asubuhi. Mwingereza akimwona huyo wa pili husema "is standing", na mwanafunzi wetu, kwa nia njema kabisa, huandika "has stood" na kupata kosa. Amelala, amekaa, amevaa, amechoka, ameshiba, amenyamaza: zote hizi ni hali, lakini Kiswahili kinazieleza kama matunda ya jambo lililotangulia. Aliyeshiba alikula. Aliyenyamaza alikuwa akisema. Mwingereza husema "I understand", hali isiyo na historia. Sisi husema "nimeelewa", yaani kulikuwa na saa ambayo nilikuwa sijaelewa, kisha kitu kikatokea. Nafsini mwangu siku zote nimeipenda zaidi namna yetu, ingawa sikuwahi kuwaambia wanachuo hivyo, maana wangeniletea katika majibu ya mtihani.

Jambo hili si la walimu wa sarufi peke yao. Aristotle, katika kitabu cha tisa cha Metafizikia, alitenganisha mambo yenye mwisho wa kufikiwa, kama kujenga nyumba, na mambo yaliyokwisha kamilika kila dakika yanapotendeka, kama kuona. Anayejenga nyumba bado hajaijenga, lakini anayeona ameshaona. Katika karne ya 20 Waingereza na wenzao walilirudia kwa bidii. Gilbert Ryle, mwaka 1949, alidai kwamba mengi tunayoyasema juu ya akili ya mtu si majina ya matukio yanayotokea kichwani mwake, bali ni maelezo ya mwelekeo wake, jinsi tunavyosema kwamba kioo ni chepesi kuvunjika hata kama hakijavunjika. Zeno Vendler, mwaka 1957, aliyagawa maana za vitenzi katika mafungu manne, na mifano yake inafundishika vizuri: kukimbia, kuchora duara, kufika kileleni, kupenda. Anthony Kenny akafuata mwaka 1963 na mgawanyo wake mwenyewe. Sitawachosha wasomaji na tofauti zao. Nimewataja ili ionekane kwamba orodha ile ya ubaoni, ambayo mwanafunzi huiona kama adhabu, ina swali ndani yake ambalo watu wenye akili nyingi wamelihangaikia: lini twasema mtu anatenda, na lini twasema mtu yuko hivyo?

Mimi swali hilo lilinifikia kupitia kitenzi kimoja tu, kile kidogo kuliko vyote, "be". Na lilinifikia mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa sarufi. Mara ya pili sarufi niliijua.

Mwaka 1979 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huko bara, nikatumwa kukagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja ya msingi, kijana mmoja alifundisha Darasa la Saba. Andalio la somo lilikuwa safi, sauti ilisikika hadi nyuma, watoto walimpenda. Katikati ya kipindi akaandika ubaoni sentensi hii: "Juma is being honest today." Mimi nilikuwa nimeketi kwenye dawati la mwisho, magoti yamenifika kidevuni, na fomu ya tathmini mkononi. Nikaweka alama nyekundu. Baada ya kipindi nikamwita chini ya mwembe, nikamwambia kwamba "be" ni kitenzi cha hali na haiwezekani kuandikwa hivyo, na kwamba ni aibu mwalimu kupotosha watoto kwa mkono wake mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Samahani mwalimu, naomba kuuliza. Kama huyu Juma kwa kawaida ni mwongo, ila leo tangu asubuhi amesema kweli, nikiandika 'Juma is honest' si mimi nitakuwa nimedanganya?"

Nilimjibu kwamba Kiingereza hakihusiki na maisha ya Juma. Nikampa C.

Miaka miwili baadaye nilikuwa masomoni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maktabani nikakifungua kile kitabu kinene cha sarufi cha Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, kilichotoka mwaka 1972. Humo nikakuta, tena bila mbwembwe, kwamba sentensi ya kijana yule ilikuwa sahihi. Wataalamu hawa wanaeleza kwamba hata vivumishi vina vile vya hali na vile vya tendo. Mtu anaweza "kuwa mwangalifu" kwa nusu saa, anaweza "kuwa mpumbavu" kwa jioni moja, na hapo "is being" inafaa kabisa. Lakini hawezi kuwa mrefu kwa leo tu. Na kipimo chake ni rahisi hata kwa mtoto: jaribu kuamuru. Waweza kumwambia mtu "Be careful". Huwezi kumwambia "Be tall".

Nilikaa na kipimo hicho siku nzima. Kiswahili nacho kinakikubali. "Uwe mwaminifu" ni amri ya kawaida, kila mzazi amewahi kuitoa. "Uwe mrefu" ni mzaha. Basi uaminifu uko pamoja na yale yanayoamriwa, na kinachoamriwa ni kile ambacho mtu anaweza kukifanya au kukiacha. Hata upendo, ambao katika orodha ya ubaoni ni hali tupu, umeamriwa katika maandiko matakatifu, kumpenda jirani. Na Kant, mwaka 1785, aliona ugumu huo akasema kwamba upendo ulio hisia hauwezi kuamriwa, ule ulio tendo unaweza. Wanasarufi na wahubiri walikuwa wamefika mlango mmoja bila kusalimiana.

Tena nikatambua kwamba ile orodha ya "vitenzi vilivyokatazwa" si ya makatazo hata kidogo. Mwingereza akisema "I live in Dodoma", nyumba yake iko huko. Akisema "I am living in Dodoma", huenda mwakani akahama. Hiyo "-ing" inasema: kwa sasa. Ndiyo maana mwaka 2003 kampuni ya McDonald's ya Marekani iliweza kuutangazia ulimwengu mzima "I'm lovin' it", na walimu wa Kiingereza wakanung'unika, lakini kila mtu akaelewa: ni utamu wa dakika hii, hakuna anayefunga ndoa na mkate wenye nyama. Kijana wa Darasa la Saba aliandika kwamba Juma, kwa sasa, anatenda uaminifu. Hakuahidi lolote kuhusu kesho.

Nilikusudia kumwandikia. Alikuwa ameshapangiwa kazi mkoa wa mbali, na anwani ningeweza kuipata wizarani. Sikuandika.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mwaka 1983 nilikuwa nakaimu ukuu wa chuo. Wasomaji wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa mwaka huo. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, vyote vilikuwa kwa mgao, na mnamo Machi Waziri Mkuu Edward Sokoine alianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Redioni na mikutanoni maneno hayo mawili yalisikika kila siku. Watu walitupa bidhaa mitoni usiku. Katika hali hiyo, kiranja wa chakula wa chuo chetu, mwanachuo wa mwaka wa mwisho, alichukua kilo tano za sukari katika stoo ya jiko akaziuza kijijini. Alipoulizwa alikiri mara moja. Alisema alihitaji nauli, na sikuichunguza kauli hiyo. Kamati ya nidhamu ilikaa chini ya uenyekiti wangu, akafukuzwa chuo zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mtihani.

Kufukuzwa kwake silijadili hapa. Sheria za chuo zilikuwepo naye alizijua. Nalijadili jambo dogo lililofuata. Kabla ya kuondoka aliomba barua ya utambulisho ili akatafute kazi nyingine, na haikuwa haki kumnyima. Nikaagiza karani aichape: jina, tarehe ya kuingia, masomo aliyosoma, tarehe ya kutoka. Kisha nikafikiri niseme nini juu ya sababu ya kutoka. Nikaona kuandika kwamba aliiba ni ukatili, tena katika mwaka ule. Ningekuwa namtupa kwa polisi. Nikachagua neno la adabu. Nikaandika kwa Kiingereza: "He is dishonest." Maneno matatu tu. Nilitia sahihi nikijiona nimemhurumia.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, mama yake alikuja chuoni. Alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima na kulala kwa watu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, baba," akaketi ukingoni mwa kiti kama watu wanavyoketi ofisini. Barua ilikuwa kwenye fundo la kanga. Aliifungua akaiweka mezani, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kukatika.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu ameipeleka mahali pane. Kote wanaisoma, wanamrudishia. Mimi sijui kusoma kizungu. Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye maneno yale matatu nikayatafsiri: si mwaminifu.

Akanyamaza kidogo. "Aliiba," akasema. "Hilo nimelikubali, na nimemsema mpaka sauti imenikauka. Lakini hapa umeandika si mwaminifu. Mpaka lini, mwalimu?"

Sikulielewa swali. Nikamwambia barua huandikwa hivyo, kwamba ndiyo lugha ya kiofisi.

"Basi andika aliiba," akasema. "Andika sukari, kilo tano, na mwaka. Watu wapime wenyewe."

Nilimweleza, kwa upole wa mtu anayejua zaidi, kwamba neno "aliiba" litamharibia mtoto wake kuliko hili la sasa. Kwamba nilichagua hili ili kumlinda. Alinitazama kwa muda, akaikunja barua, akairudisha kwenye fundo, akanishukuru kwa kumpokea. Nilimpa nauli ya kurudi. Alikataa.

Yule mama hakujua lolote kuhusu vitenzi vya hali, na mimi nilikuwa nimevisomea chuo kikuu. Lakini ni yeye aliyeona. "Aliiba" ina tarehe. Ina uzito, kilo tano, na ina mwisho: sukari ilichukuliwa siku fulani, na siku iliyofuata jua lilichomoza kama kawaida. Mtu anaweza kusoma habari hiyo akasema ni nyingi mno, mwingine akasema ni kidogo, mwingine akamuuliza kijana, "Ilikuwaje?" Lakini "is dishonest" haina kilo. Haina Machi wala Aprili. Anayeisoma leo inamhusu leo, anayeisoma baada ya miaka 10 inamhusu miaka 10. Mahali pane pale walipomrudishia barua, hakuna aliyeweza kuuliza "Ilikuwaje?", maana barua haikusema kwamba kuna lililokuwa. Mimi nililificha tendo nikaacha hali peke yake.

Nimelifikiria sana neno "ni" tangu hapo. Kiswahili kina ngazi kuhusu mwizi, na kila mmoja wetu anaipanda bila kuhesabu vidato. Aliiba. Ameiba. Huiba. Ni mwizi. Cha kwanza kinasimulia. Cha pili kinasema tendo hilo bado liko mikononi mwake, halijapoa. Cha tatu kinadai mazoea, na anayesema "huiba" aulizwe ni mara ngapi ameona. Cha nne hakina wakati kabisa. "Ni" haina jana wala kesho. Ukitaka wakati lazima uazime "alikuwa" au "atakuwa". Na kwa ajabu ya binadamu, hiki kidato cha juu kabisa ndicho tunachokifikia kwa mruko mmoja.

Tena angalia jinsi tunavyoyahesabu majina ya watendaji. Aliyelima bustani ya mchicha Jumamosi moja haitwi mkulima. Aliyelewa kwenye harusi ya mdogo wake haitwi mlevi, labda atataniwa wiki moja. Lakini aliyeiba mara moja ni mwizi, na aliyeua mara moja ni muuaji. Upande wa wema hesabu hurefuka ghafla. Aliyesema kweli mara moja, hata kweli yenyewe iwe ya gharama, haitwi mkweli kwa hiyo moja, tutasubiri tuone. Mkarimu lazima akaribishe watu miaka mingi, na siku moja akifunga mlango tutasema kumbe. Methali yetu humpa mwizi siku arobaini. Mimi nilimpa moja.

Na mwizi angalau hutokana na kitenzi. Mwaminifu hutokana na kuamini, hivyo ndani yake wamo watu wengine, wale wanaomwamini. Niliposema si mwaminifu nilikuwa nadai kusema habari ya moyo wa kijana, kumbe nusu ya habari hiyo ilikuwa yangu: mimi simwamini. Ningeliandika hivyo, "I do not trust him," ningekuwa nimesema kweli, na msomaji angeweza kuuliza mimi ni nani.

Jirani yangu wa sasa ni hakimu mstaafu, na jioni tunakaa barazani kwake. Nilipomsimulia habari hii alisema kwamba mahakama zimelijua jambo hilo zamani. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya 1967, tabia mbaya ya mshtakiwa kwa kawaida haiingizwi katika kesi ya jinai ili kuthibitisha kosa, isipokuwa yeye mwenyewe aanze kujisifu kwa tabia njema. Kwanza mahakama huuliza: alitenda, au hakutenda? Historia yake husubiri nje mpaka wakati wa kupima adhabu. Nikamwambia basi mahakama zina adabu kuliko ofisi za wakuu wa vyuo. Akacheka, lakini hakuniacha hapo.

"Mwalimu," akasema, "wewe una stoo. Unataka mtu wa kuitunza. Utamwajiri kwa 'aliiba' na 'hakuiba'? Hayo ni ya jana. Stoo yako ni ya kesho. Hakuna neno linalobeba kesho isipokuwa hilo hilo 'ni' unalolichukia."

Ni hoja nzito, na sijaimaliza. Aristotle yuko upande wa hakimu zaidi kuliko upande wangu. Katika kitabu chake cha Maadili anafundisha kwamba wema ni hali iliyokaa ndani ya mtu, na kwamba mtu huipata kwa kutenda, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Tendo likirudiwa huganda likawa tabia, na tabia ikishaganda si rahisi kuiyeyusha. Kwa hiyo "ni" si uongo. Wapo watu walio waaminifu, nimefanya kazi na baadhi yao, na ningewakabidhi funguo gizani. Wapo pia wasio waaminifu, na kukataa kulisema hilo kwa kisingizio cha sarufi ni kuwaacha watoto wa shule wale uji usio na sukari. Nimewahi kumsikia mzee wa mtaa akimtetea mume anayempiga mkewe: "Alikuwa amekasirika tu." Alikuwa amekasirika Januari, na Machi, na Juni. Hapo -me- ndiyo iliyogeuka maficho, na mtu wa kweli angesema ni mpigaji, basi.

Kwa hiyo siwezi kusema tuitupe "ni". Ninachokiona ni kwamba kati ya tendo na hali pana safari, na safari hiyo ina hesabu, na sisi wenye mihuri tunapewa mshahara ili tuihesabu. Mimi niliiruka. Nilikuwa na tendo moja mkononi. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa majina: mhujumu, mlanguzi. Redio ilikuwa imenizoesha masikio.

Kuna jambo jingine ambalo hakimu hakulisema, nimelisema mwenyewe kwangu usiku. Nilipokuwa nakagua daftari la nidhamu la miaka yangu ya ukuu, niliona kwamba wanafunzi waliochelewa niliwaandika "wazembe", na walimu waliochelewa niliwaandika "alichelewa". Na juu yangu mimi? Nikijieleza kwa wageni husema mimi ni mtu wa haki. Hiyo ni hali, tena ya kudumu. Lakini nikiyakumbuka ya yule mama, husema nilikosea. Hiyo ni tendo, tena la mara moja, lina mwaka wake, 1983, na limepita. Ngazi ile ile, nami nachagua kidato kwa kila mmoja jinsi ninavyompenda. Ikiwa yeye alikuwa si mwaminifu kwa kilo tano, mimi ni nani kwa maneno matatu? Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa "ni" na kalamu haitaki.

Habari za kijana yule nilizisikia mara moja tu, kwamba alikwenda Mwanza kwenye uvuvi. Miaka imepita mingi, na simsimulii mwisho nisioujua.

Mwaka 2022 kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja kuniomba barua. Alikuwa anatafuta kazi ya kutunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilimfahamu kwa sababu alikuwa akikusanya fedha za kioski cha maji, nami ni mmoja wa wale wazee wanaokagua hesabu kila mwisho wa mwezi. Nilimwandikia kwa mkono, ukurasa mzima. Niliandika kwamba tangu Februari 2019 hadi Juni 2022 alikusanya fedha hizo, kwamba vitabu vilikaguliwa kila mwezi, kwamba mara moja, Agosti 2020, zilipungua shilingi 14,000, na kwamba kabla hatujakaa kuzihesabu alikuja mwenyewe kusema amezitumia kwa dawa za mtoto, na wiki iliyofuata akazirudisha. Kijana aliisoma barua, nikaona uso wake umebadilika alipofika hapo Agosti. Nilimwambia kama hataki nitaiandika upya bila Agosti. Alifikiri, akasema iache.

Baada ya siku tatu mwenye duka alinipigia simu. Alikuwa mtu wa heshima, alinisalimu vizuri.

"Shikamoo mzee. Barua nimeipata, ni ndefu. Mimi nina jambo moja tu nataka kujua. Huyu kijana, ni mwaminifu?"

Nikamuuliza kama barua anayo hapo mbele yake. Akasema anayo.

"Isome tena pale Agosti," nikamwambia, "mimi nasubiri."

Nikamsikia akisoma kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosoma wakiwa wamevaa miwani isiyo yao. Kisha akanyamaza.

"Shilingi elfu kumi na nne?" akauliza.

"Elfu kumi na nne."

"Na alikuja mwenyewe kabla hamjahesabu?"

"Alikuja mwenyewe," nikasema, "siku moja kabla."